Chotara Isiyo na Keria

"Mtaa mzima sasa unakata nyama kwa meno!" alisema mkewe, kasimama mlangoni, mikono kiunoni. "Kwa meno, baba watoto! Visu vyote vimegeuka vijiko. Asubuhi hii nimekata kitunguu, kitunguu kikanicheka. Mke wa mnoa visu analizwa na kitunguu ambacho hata hakijapasuka!"

Mumewe alikuwa amechuchumaa uani, kitambaa mkononi, anaifuta baiskeli mpya, na alikuwa anafuta palepale alipofuta jana, maana vumbi la kufuta lilishakwisha.

"Muuza nyama kapita tena. Anasema ng'ombe wake anakufa mara mbili, mara ya kwanza machinjioni, mara ya pili kwenye kile kisu chake butu. Fundi cherehani anachana vitambaa kwa mkono, mkasi umegoma. Na wewe umekaa hapo unaliogesha dude kama mtoto mchanga."

"Siliogeshi, mama watoto. Nalifuta."

"Haya, lifute. Likilia, ulinyonyeshe."

Ndipo ilipofikia nyumba ile, jamani, na wala haikuwa nyumba ya makelele. Mwanamume huyu mtaani wanamwita Cheche, na jina hilo hakupewa kwa ukali, maana ukali hana hata wa kukopesha. Kalipata kwa kazi. Pale kona, yanapoishia maduka, chini ya kipande cha bati, iko baiskeli yake nyeusi ya kizamani juu ya stendi ya chuma. Gurudumu la mbele halipo, liliondoka zamani na halikuaga. La nyuma linaelea hewani. Kutoka kwenye gurudumu hilo unakwenda mkanda wa mpira mpaka mbele, kwenye jiwe la kunolea lililofungwa mahali pa usukani. Cheche anapanda, anakanyaga pedali, jiwe linazunguka, anainama, anapinda shingo kushoto kidogo ili aone makali yanavyokaa, analaza kisu, na cheche zinaruka mpaka watoto wanaotoka shule wanasimama kuangalia.

Ukimtazama kwa mbali utadhani mtu anawahi mahali. Anakanyaga kweli kweli, jasho linamtoka, shati limeshika mgongo. Lau pedali zile zingekuwa za safari, angekuwa ameizunguka dunia, akarudi, akasahau zawadi, akaenda tena. Lakini kila jioni anashuka palepale alipopandia asubuhi.

Baiskeli ile haikuzaliwa kwenye stendi. Ilipokuwa na magurudumu yake mawili, ndiyo iliyomposea mke. Naam, yeye alikuwa msindikizaji tu. Kila siku ya mapumziko alikuwa anafika kwa kina binti, anapiga kengele mara moja, kwa adabu, na binti anatoka, anakaa upande kwenye keria, kile kibao cha chuma cha nyuma, miguu yote miwili upande mmoja, mkono mmoja umeshika shati la Cheche pale kwenye mshono wa ubavuni. Shati tu. Mtu mwenyewe hakumshika mpaka walipooana, na hata hapo aliendelea kushika shati, mazoea yana taabu. Wanapita kwenye maghala, wanateremka bonde, wanafika kwenye daraja dogo la reli. Kabla hajasimama kabisa, Cheche alikuwa anatoa mguu mmoja chini, anaishikilia baiskeli isiyumbe, anasema, "Shuka taratibu." Binti anashuka taratibu. Basi wanakaa ukingoni kutafuna karanga na kusubiri treni ya mizigo ipite, wahesabu mabehewa.

Na hawakupatana hata siku moja. Yeye akipata kumi na tisa, binti kapata ishirini.

"Umeruka la mwisho."

"La mwisho sikuliruka, wewe ndiye umehesabu kichwa cha treni."

"Kichwa cha treni nakijua, hata kichwa chako nakijua, na vyote viwili vinatoa moshi tu."

Mapenzi yalikuwa hayo. Wengine wanaandikiana mashairi.

Akaja mtoto wa kwanza. Mjomba wake Cheche alikuwa mnoa visu, magoti yamemchoka, akampa jiwe. Baiskeli ikapandishwa stendi. "Kwa muda tu," Cheche alimwambia mkewe. "Mtoto akisimama, baiskeli inashuka." Ahadi ya kweli kabisa, aliitoa huku amebeba mtoto. Basi mtoto akasimama, akatembea, akaenda shule, akaolewa. Wakaja wadogo zake, nao wakasimama. Kila mtu nyumba ile alisimama akaenda zake, ila baiskeli. Ikawa neno hilo halitajwi tena, kama vile mtu asivyomtajia mwenye upara habari za kitana.

Sasa juzi juzi hapa, chuma kikachoka. Ufa shingoni, pale bomba la juu linapokutana na la mbele. Fundi wa kuchomelea, jirani yao wa nyumba ya tatu, alikuja akaupapasa kama daktari, akatingisha kichwa.

"Mzee Cheche, chuma hiki nimekichoma mpaka kimekuwa uji. Nikikichoma tena, kinaweza kikakaa mwaka, kinaweza kikakaa mpaka chai ya saa nne. Kikikatika ukiwa juu, na jiwe linazunguka, usinitafute. Tena usije hata kunisalimia."

Habari zikamfikia kitinda mimba wao, binti anayefanya kazi mji wa mbali. Hakusema kitu kwenye simu. Baada ya siku si nyingi likashushwa kwenye lori boksi refu kama jeneza la mtu mwembamba, na ndani yake baiskeli vipande vipande. Mpya. Rangi ya majivu, chuma kinateleza mkononi.

"Baba, hiyo inaitwa chotara," binti yao alimweleza kwa simu. "Mama yake ni ya milimani, baba yake ni ya mbio za barabarani."

"Kwa hiyo haina kwao?"

"Kote ni kwao, baba. Lami inakwenda, vumbi linakwenda."

"Na ya nini hasa, mwanangu?"

"Yako. Fanya unavyotaka."

Hilo neno la mwisho ndilo lililoleta balaa yote. Kama angesema "ya kazi," ingekuwa kazi. Mkewe, muuza nyama, fundi cherehani, mtaa mzima, kila mtu alijua baiskeli hiyo imekuja kurithi stendi. Fundi wa kuchomelea alishapima, akaondoka kwenda kukata vyuma. Itolewe gurudumu la mbele, usukani ufungwe jiwe, la nyuma linyanyuliwe, mkanda uvishwe, kesho yake watu wakate nyama kwa visu kama binadamu.

Cheche akasema sawa. Ila fundi bado anakata vyuma, na chombo kipya lazima kijaribiwe.

"Naijaribu tu hapo kona," alimwambia mkewe.

"Kona ni hapo. Nitakuona."

Cha kwanza kilichomshangaza ni wepesi. Aliinyanyua kuivusha kizingiti kwa nguvu alizozoea kuinyanyulia ile ya zamani, nusura airushe juu ya paa. Ya zamani ukitaka kuigeuza unaiomba kwanza. Hii unaifikiria tu, imeshageuka. Cha pili ni kiti. Kiti chembamba, kigumu, kama kimetengenezwa na mtu mwenye kinyongo na wanaume. Kipya kinyemi ingawa kidonda, walisema wazee, na nadhani walikuwa wametoka kupanda kiti cha namna hiyo.

Akaweka mguu, akakanyaga. Dude likaondoka.

Hakuwa amejiandaa kwa hilo. Jamani, mtu amekanyaga pedali miaka na miaka, na nyumba za mtaa hazikuwahi kumpita. Sasa duka la kwanza likaja, likapita. La pili likaja, likapita. Bati la kona yake na ile nyeusi iliyopasuka shingo vikaja vikapita, na hata hakupata nafasi ya kuvisalimia. Mwili ukakumbuka kazi. Miguu ikikanyaga, kichwa kinajua kinachofuata: akainama, akapinda shingo kushoto, mikono yote miwili ikaachia usukani na kunyooka mbele kulaza kisu kwenye jiwe.

Jiwe halikuwepo. Kisu hakikuwepo. Kulikuwa na rundo la mchanga mbele ya nyumba inayojengwa, na Cheche akaingia humo mpaka kwenye viwiko.

"Mzee Cheche!" fundi mwashi akapiga kelele kutoka juu ya ukuta. "Subiri nikuletee mwiko wangu uunoe ukiwa humohumo!"

Akajikung'uta, akapanda tena. Safari hii akaishika mikono yake kwa macho, kama mama anayekwenda sokoni na watoto watundu. Gia nazo zilimpa mambo. Alisukuma kidude cha kulia, tak, miguu ikawa inazunguka mbio kama inapiga mayai, baiskeli yenyewe inajivuta. Akasukuma cha upande mwingine, tak tak, pedali zikawa nzito kama anakanyaga udongo wa matofali, lakini kila ukikanyaga mara moja, nyumba mbili zinapita. Akacheka peke yake. Kona ilishapita zamani.

Wala hakuamua, msimlaumu. Alifika pale penye njia mbili, moja inarudi nyumbani, ya pili inakwenda kwenye maghala, na chotara ikafuata ya pili. Kote ni kwao, si alishaambiwa?

Baada ya maghala, bonde. Na hapo kwenye mteremko ndipo lilipomkuta jambo la kumkuta. Alikuwa anakanyaga. Cheche haachi kukanyaga, maana akiacha, jiwe linakufa, na jiwe likifa mteja anaguna. Lakini mteremko ulikuwa unaivuta baiskeli kuliko miguu yake, pedali zikawa tupu, anakanyaga hewa. Akapunguza. Akapunguza tena. Halafu, kwa woga, kama mtu anayeachia kamba ya ndoo kisimani, akaacha.

Baiskeli ikaendelea kwenda.

Miguu imetulia, na inakwenda. Kwa nyuma mlio mdogo tu, tik-tik-tik-tik, kama saa ya mtu tajiri. Upepo ukaingia kwenye shati, shati likajaa, na pale kwenye mshono wa ubavuni likavutika kidogo. Upepo tu. Lakini mwili ule mjinga, ambao dakika chache nyuma ulitafuta jiwe, sasa ukatafuta kitu kingine. Akajikuta amekaza mgongo, amepunguza kuyumba, anazikwepa kokoto, kama anavyoendesha mtu aliyepakia.

Chini bondeni mbio zikazidi. Akataka kusimama. Mkono ukaenda nyuma kulitafuta gurudumu alizuie kwa kiganja, kama anavyolizuia jiwe lake kila siku, nusura aache vidole humo. Akakumbuka breki. Akazikamua zote mbili kama nguo ya kufua. Baiskeli ikasimama. Yeye hakusimama, kifua kilifika kwenye usukani kabla yake. Lakini hakuanguka. Akaziachia breki, akapita kwenye tope la maji yanayotiririka kutoka kwenye maghala, akayumba, akafika darajani, akatoa mguu mmoja chini, akaishikilia baiskeli isicheze, akasema:

"Shuka taratibu."

Alisema kwa sauti. Kabisa, kama mtu mwenye akili zake.

Hakuna aliyeshuka. Aligeuza shingo. Nyuma ya kiti hakukuwa na keria. Chuma kiliishia hapohapo, na baada ya hapo ni gurudumu na matope. Alikuwa ameiangalia baiskeli ile usiku na mchana tangu ilipotoka kwenye boksi, na hakuwa ameona kwamba ilitengenezwa kwa mtu mmoja.

Akakaa ukingoni. Daraja lilikuwa lilelile, ila kutu imeongezeka na yeye amepungua. Treni ya mizigo ikaja, ndefu, haina haraka. Akahesabu mabehewa mpaka la mwisho. Akapata jibu. Akalisema kwa sauti ya chini, akasubiri kidogo.

Hakuna aliyembishia. Basi hata hesabu yenyewe ikawa haina ladha.

Alirudi kwa gia nyepesi, anapanda kilima polepole. Mkewe alikuwa uani anaanika nguo.

"Umechelewa kona."

"Nilikuwa naisikiliza breki."

"Iko sawa?"

"Iko sawa."

Tangu siku hiyo, fundi akija na vyuma vyake, Cheche anasema kesho. Kesho ikifika anasema mvua. Mvua isiponyesha anasema kiuno, na kiuno kweli kilikuwa kinauma, kwa ajili ya kile kiti. Visu vikajaa kwenye beseni pale barazani, vimefungwa vitambaa kila kimoja na mwenye kisu, kama wagonjwa wanaosubiri daktari aliyekwenda matembezi. Yeye mwenyewe alikuwa anaviona. Usidhani hakuviona. Alijua nyumba ile inakula kwa jiwe, na jiwe linataka pedali, na pedali nzima ni zile pale. Alikuwa anachukua spana, anafika mpaka kwenye nati ya gurudumu la mbele, anaiweka, na mkono haugeuki. Anarudisha spana, anachukua kitambaa.

Ndiyo tukafika asubuhi hii ya kitunguu.

Mkewe alipomaliza habari za meno, za mkasi na za kunyonyesha, aliingia ndani. Cheche akadhani yamekwisha. Masikini, kaoa miaka yote hiyo na bado anadhani mambo yanaisha mtu akiingia ndani. Mkewe akatoka tena amebeba shati. Akalikunjua mbele yake, mgongo wa shati ukimwelekea mumewe. Katikati, kutoka kiunoni mpaka kwenye kola, ulikuwa umesimama mstari mmoja wa tope, mweusi, umenyooka kama umechorwa kwa rula. Chotara haikuja na mabango ya kuzuia matope. Imemwandika mgongoni, yeye mwenyewe hajui.

"Nimelifua mara mbili," alisema mkewe. "Halitoki. Mtaa huu una vumbi, baba watoto, tope hauna. Tope jeusi la namna hii nalijua liko wapi. Sketi zangu mbili za usichana ziliharibikia hapo."

Kitambaa kikasimama.

"Ulisema kona."

"Baiskeli ilikwenda yenyewe."

"Eeh. Ikafungua mlango, ikakubeba. Wewe ulikuwa umelala." Alitaka kuendelea kutania, ukaona mdomo unalitafuta neno, lakini neno halikuja. Akalikunja shati, akalikunjua, akaliweka begani. Aliposema tena, sauti ilikuwa imeshuka.

"Treni ilipita?"

"Ilipita."

"Mabehewa mangapi?"

Cheche akaangalia chini. "Ishirini na mbili."

"Ishirini na tatu," alisema mkewe.

"Wewe hukuwepo!"

"Ishirini na tatu. Wewe siku zote unaruka la mwisho."

Akatazama pembeni, akaitazama baiskeli, na kwa mara ya kwanza tangu ifike akaigusa. Alipitisha kiganja kwenye kiti, akakishusha nyuma ya kiti, pale pasipo na kitu, akakiacha hapohapo hewani.

"Nimekusemea visu kwa sababu visu vinasemeka," alisema. "Hiki kingine ningekusemeaje, na umri huu? Wajukuu wangenicheka. Lakini ulikwenda kule. Ulikwenda peke yako, baba watoto, kwa dude lisilo na hata pa kumweka mtu. Mimi ningekaa wapi?"

Cheche alikuwa na la kumwambia. Lilikuwepo, liko tayari, maneno mawili tu aliyoyasema kule darajani mtu akiwa hayupo. Akafungua mdomo. Lakini Cheche ni mtu ambaye maneno yake yote yamepitia kwenye mikono, na mikono ilikuwa na kitambaa. Mdomo ukafunga.

Nje kukasikika chuma kinakwaruza ardhi. Fundi wa kuchomelea, anaburuta vile vyuma vya stendi, na sauti yake imemtangulia kama kawaida.

"Hodi hapo! Mzee Cheche! Leo sirudi navyo, bega langu si punda! Leo tunaipandisha!"

"Subiri kidogo, shemeji!" mkewe akaitikia, bila kugeuka. Macho yalikuwa kwa mumewe. "Huyo kaja. Nimwambie nini?"

Cheche akasimama, magoti yakalia. Akakitundika kitambaa kwenye usukani. Akaenda dirishani, penye kopo la vifaa vyake, akachukua spana. Ile ile moja, maana nyumba nzima ina spana moja ya maana: ndiyo inayofungua nati ya gurudumu la mbele la chotara, na ndiyo inayofungua keria ya ile nyeusi pale kona, kama kutu itakubali.

"Baba watoto. Mtu yuko nje, nakuuliza. Nimwambie nini?"

Akaipima spana kwenye kiganja, nati ya gurudumu la mbele akaiacha ilivyo. Akaishika chotara kwa mkono mmoja, maana ni nyepesi, haina shida, akaivusha kizingiti, akampita fundi na vyuma vyake, akaenda zake kwa miguu kuelekea kona, baiskeli ubavuni, inahesabu polepole, tik, tik, tik.